Mgao wa Nyarugusu ukikatwa, nasi huku tunaumia

Kuna mwandishi wa makala anayesema kukatwa kwa mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ni suala la wakimbizi na wafadhili wao, wenyeji haliwahusu. Hapo nakataa. Mimi ni wa Kasulu, na mwaka 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, iliposhusha mgao kutoka asilimia 80 ya mgao kamili hadi 65, na Juni hadi 50, tuliuona mkato ule mashambani. Watu wa kambini, watoto wakiwemo, walitoka kutafuta kibarua cha kupalilia kwa malipo yoyote, hata kisado cha unga wa muhogo. Mama wa kijijini anayeishi kwa kibarua hichohicho akaambiwa akubali bei hiyo au aache. Na hela ikipungua nyumbani, kinachoachwa kwanza ni mchango wa chakula shuleni. Elimu bila malipo ilifuta ada tangu 2016, sawa, lakini makande ya mchana bado yanatoka mfukoni mwa mzazi: mahindi, maharage, kuni, hela ya mpishi. Ambaye hajachangiwa anakaa pembeni wenzake wakipanga foleni na sahani (walimu wengine huwapakulia kimyakimya, Mungu awabariki). Halafu kikao cha wazazi kinajadili utoro! Wanaosema halmashauri izibe pengo wajue ushuru wa mazao hautoshi hata madawati. Nyie wa Kibondo mlio jirani na kambi ya Nduta, shuleni kwenu wanakula wote au waliochangiwa tu?