Zege limevunjika dakika moja, ripoti usiku mzima

Hivi jamani, kuponda mchemraba wa zege kunachukua muda gani? Tumeuloweka siku 28, tumeuweka kwenye mashine, paa! Tumeandika kilonewtoni, tumegawa kwa eneo la milimita 150 kwa 150, nguvu ya zege tumepata, kazi imeisha. Kumbe wapi! Kazi yenyewe, kuandika ripoti ya maabara, ndo inaanza usiku geto kule Ng'ambo, fonti 12, nafasi ya mistari moja na nusu, kichwa cha jedwali kikae juu ila maelezo ya mchoro yakae chini, na ukiongeza kapicha kamoja tu kurasa zote zinahama kama zimeona nyoka.

Mi sigomi kuandika, vizio naweka, makosa ya vipimo naeleza. Ila jana nimetembea na flashi hadi steshenari hapa Tabora mjini, jua linawaka balaa, nafungua faili, dah, kompyuta yao ina programu ya kale sijui ya lini, milinganyo yote imegeuka viboksi, grafu imekalia hitimisho (najua ningeseivu pidiefu, msinianze), na dogo wa pale ananiambia "bro si uprinti tu hivyo hivyo". Hivyo hivyo?? Foleni nyuma yangu inaguna, nikaprinti.

Leo mwalimu kanirudishia ripoti, kalamu nyekundu: jedwali namba 2 halijatajwa kwenye maelezo. Zege lenyewe lilivunjikaje, hajauliza hata neno moja.