Eti mimi si mlaji wa umeme

Juzi jioni, Kadutu, mtaa wetu hapa Bukavu, Kongo, giza totoro, mtoto wa dada yangu anayesoma uhandisi alikuja na chupa ya juisi, anieleze namna kampuni ya umeme inavyopanga umeme wa miaka 20 ijayo. Nikamwambia, mwanangu, ngoja kwanza nitafute kibiriti.

Buji, yaani mshumaa, ikawaka, akaanza. Wanahesabu watu watahitaji kiasi gani, hasa ile saa moja ya usiku kila nyumba ikiwa imechomeka resho, jiko la umeme. Halafu wanatafuta pa kuupata: mto, jua, gesi ya Ziwa Kivu. Wanaweka na akiba, mashine moja ikifa watu wasikose. Akiba! Nilicheka mpaka buji ikazimika.

"Na mahitaji yetu wanayajuaje?"

"Wanaangalia matumizi ya miaka iliyopita, Mjomba."

Matumizi yangu? Wiki ile umeme ulikuja mara tatu, mbili kati ya hizo saa nane za usiku. Mke wangu akaamka kupiga pasi sare za watoto, macho yamefumba, frigo inanguruma kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ni kama uninyime fufu mwezi mzima, halafu uchungulie sahani yangu uandike: mzee huyu si mlaji. Kijana akakubali kwamba mpangaji mzuri huhesabu na kiu ya waliokosa. Basi waje hapa na kalamu ndefu.

Na mto tunao mlangoni! Ni Ruzizi: mashine ya umeme ya kwanza hapo ni ya enzi za Wabelgiji, megawati 30 hivi. Ya pili ilikuja 1989, 44 hivi, na hiyo tunagawana na Rwanda na Burundi. Ya tatu, megawati 206, naisikia tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, nayo ni ya nchi hizo hizo tatu. Bwawa la babu, sufuria ya wajukuu.

"Na plastiki, Mjomba." Eti chupa zinatupwa mitaani, mvua inazisukuma ziwani, ziwa linazipeleka Ruzizi, zinaziba njia ya maji, mashine inabidi izimwe isafishwe.

Hapo nikawalaani watu wa mji huu wasio na adabu, mmoja mmoja, mpaka wale wa mtaa wa Bagira. Mke wangu hakusema kitu. Alinyanyua buji tu, akamulika mkono wangu uliokwisha kutoka dirishani na ile chupa ya juisi.