Kiunzi si rundo la mifupa

Mwonyeshe mwanafunzi wa sekondari wa hapa Kigoma ule mchoro wa ukutani wenye mifupa ya binadamu, umwulize unaitwaje. Mara nyingi atajibu "skeletoni", kwa sababu baiolojia ameisoma kwa Kiingereza. Akijitahidi sana atasema "mifupa". Neno lenyewe, kiunzi, linazidi kupotea midomoni mwa watu, na kwa maoni yangu tunapoteza zaidi ya neno.

Kiunzi limetoka kwenye kuunda, na kuunda kilikuwa kitenzi cha mafundi wa vyombo vya majini kabla hakijahamia kwenye kuunda kamati na kuunda serikali. Shuka mwaloni Kibirizi ukute boti ya mbao ingali juu ya magogo, haijafunikwa ubavu mmoja. Chini umelala mkuku, ule mti mrefu unaobeba boti nzima. Kutoka kwenye mkuku yanapanda mataruma, ambayo wengi huyaita mbavu tu, na mbao za nje zinakuja kupigiliwa juu yake, kisha pamba inashindiliwa kwenye nyufa kati ya ubao na ubao. Taruma zuri halikatwi kwenye ubao ulionyooka. Fundi hutafuta tawi lililopinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo. Ukichonga mkunjo kwenye ubao mnyoofu, nyuzi zinakatwa njiani, na siku wimbi likipiga ubavuni taruma hupasuka palepale zilipokatwa. Mbao mbichi nazo husinyaa zikikauka, misumari ikalegea na maji yakapata njia. Kabla ya ubao wa kwanza wa nje kupigwa, chombo kimeshajulikana kama kitakuwa kizima au kibovu. Hicho ndicho kiunzi: kilichotangulia, kinachobeba.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Uti wa mgongo ndio mkuku, na mbavu zake ni jozi 12. Jozi 7 za juu zimeshikwa na mfupa wa kidari moja kwa moja kwa gegedu, jozi 3 zinazofuata zimeegemea gegedu ya ubavu ulio juu yake, na jozi 2 za mwisho zinaning'inia bila kushika kitu mbele. Mtu mzima ana mifupa 206, na 106 kati ya hiyo, yaani zaidi ya nusu, iko kwenye mikono na miguu, kuanzia vifundo hadi vidoleni. Mtoto mchanga ana mingi zaidi. Mingine huungana akikua. Na mfupa ulio mwilini ni kitu kibichi. Una mishipa ya damu, ndani yake uboho unatengeneza chembe za damu, na ukivunjika hujiunga wenyewe ukiwekwa sawa.

Hapo ndipo lugha zinapoachana. Neno la Kiingereza, skeleton, lina asili ya Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kitu kilichokaushwa. Mgiriki aliangalia kilichobaki baada ya uhai kwisha. Mswahili aliangalia kinachosimamishwa kabla ya kazi kukamilika. Ndiyo maana neno moja la Kiingereza linabeba mwanzo na mwisho kwa pamoja, nasi tuna maneno tofauti. Nyumba iliyoishia kwenye kuta, haina kenchi wala bati, ni pagale. Nyumba iliyokaliwa ikaporomoka ni gofu. Mfasiri anayeandika "mifupa ya nyumba" kwa zote mbili amemnyima msomaji habari muhimu kuliko zote: kama mwenye nyumba bado anajenga au alishaondoka.

Mfano ulio wazi tunao bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ndani ya makasha kila chuma kilikuwepo, lakini kiunzi hakikuwepo. Kiunzi ni viungo vikiwa vimeshikana. Mifupa 206 ndani ya gunia ni mifupa.

Kwa hiyo kiunzi cha hotuba, kiunzi cha ripoti, kiunzi cha mkataba, vyote vinakaa vizuri, maana vinatangulia na vinabeba. Hata wanariadha wanaruka viunzi, kwa kuwa ni fremu. Lakini "mifupa kabatini", iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza kwa maana ya aibu ya zamani iliyofichwa, haisemi kitu kwa msomaji wa Ujiji, ambaye tayari ana kufukua makaburi, na ana siri ya mtungi aijuaye kata. "Kiunzi cha wafanyakazi" kwa watu wachache walioachwa zamu ya sikukuu ni kosa pia. Andika wachache wa zamu. Na ule ufunguo unaofungua kila kitasa, ambao Kiingereza kinauita kwa neno hilo hilo la skeleton, huku wezi na mafundi wote wanauita ufunguo malaya.

Samaki nao wana neno lao. Kula mgebuka upande mmoja, mgeuze, umalize wa pili: kinachobaki sahanini ni uti wenye miiba iliyopangana kama meno ya kitana. Ni miiba, na anayekwamwa koo anakwamwa na mwiba. Dagaa tunamla na kiunzi chake chote, ndiyo sababu ana kalsiamu nyingi ya kujenga mifupa ya watoto.

Linalonisikitisha zaidi ni kumwita mgonjwa "skeletoni". Kiswahili kina kimbaumbau kwa mwembamba wa kawaida mnayetaniana naye. Kwa aliyedhoofika kwa maradhi tunasema amebaki ngozi na mifupa, na hilo husemwa kwa sauti ya chini, nje ya chumba alicholala.