Uzamili wa uhandisi tiba: shahada inayotaka swali kwanza

Kile kifaa kidogo kinachobana ncha ya kidole na kuonyesha kiwango cha oksijeni katika damu kinajulikana siku hizi hata na watu ambao hawajawahi kulazwa. Kanuni yake iligunduliwa mwaka 1974 na Takuo Aoyagi, mhandisi wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya vifaa tiba ya Nihon Kohden. Alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Alitaka kupima kiasi cha damu inayosukumwa na moyo kwa kufuatilia rangi iliyodungwa mshipani, na mdundo wa mishipa ukawa unamvurugia vipimo. Alipojaribu kuuondoa mdundo huo kwa mwanga wa aina mbili, aling'amua kwamba ndani ya usumbufu wenyewe mlikuwa na habari za oksijeni. Wakati huo alikuwa na shahada ya kwanza, aliyoipata Chuo Kikuu cha Niigata mwaka 1958. Uzamivu aliupata 1993, kifaa kikiwa kimeshaingia katika vyumba vya upasuaji.

Aliyemaliza shahada ya kwanza na sasa anawaza kuendelea na uzamili wa uhandisi tiba ana haki ya kuisoma habari hiyo na kuuliza kama miaka mingine darasani ni ya lazima. Msimamo wangu ni kwamba shahada hii humfaa sana anayeingia akiwa na swali, na humfaa kidogo mno anayeingia akitafuta la kufanya. Lakini hoja za wanaoikataa ni nzito kuliko vyuo vinavyokiri, kwa hiyo nianze nazo.

Mwaka 2010 mtafiti wa uhandisi tiba Robert Malkin na mwenzake walichapisha uchambuzi wa maombi 2,849 ya kutengenezewa vifaa, kutoka hospitali 60 zenye uhaba wa rasilimali katika nchi 11. Vifaa vingi vilirudi kazini bila kuagiza vipuri kutoka nje, na ujuzi wa aina 107 tu ulitosha kwa asilimia 66 ya matengenezo waliyoyachunguza. Aina 107 za ujuzi ni kitu ambacho fundi makini anaweza kufundishwa: kubadilisha fyuzi, kuziba bomba linalovuja, kusafisha vichujio, kukagua betri, kumwonyesha muuguzi namna ya kuwasha mashine. Ikiwa shauku ya mtu ni kuona mashine zilizolala zinaamka, mafunzo mazuri ya ufundi yatamfikisha upesi kuliko tasnifu. Na kazi hiyo ina heshima yake kamili. Inaniuma kuona inahesabiwa kuwa ngazi ya chini ya kupandia kwenda kwingine, wakati mgonjwa anayesubiri mashine ya kusafisha damu hana msaada mwingine.

Hoja ya pili ni ya ajira. Uhandisi tiba unagusa umeme, mekanika, kemia, programu za kompyuta na elimu ya mwili, na mhitimu wa shahada ya kwanza mara nyingi hutoka amegusa kila kimoja bila kukishika hata kimoja. Kampuni inayotaka mtu wa kusanifu saketi humchukua mhandisi wa umeme. Inayotaka mtu wa kiungo bandia humchukua mhandisi wa mekanika. Hata Marekani, zilikojaa kampuni za vifaa tiba, nafasi zenye jina la uhandisi tiba ni takriban 20,000, huku za wahandisi wa mekanika zikipita 280,000, na takwimu za serikali ya huko hutaja shahada ya kwanza kuwa ndiyo kiwango cha kawaida cha kuingilia kazini. Uzamili unaweza kuponya udhaifu huo. Unaweza pia kuurudia, ikiwa programu yenyewe ni mchanganyiko uleule wa masomo, kila moja likiongezewa kurasa chache.

Halafu kuna Earl Bakken. Alikuwa ameanza masomo ya juu ya uhandisi wa umeme huko Minnesota, akayaacha, na mwaka 1949 akafungua na shemeji yake karakana ya kutengeneza vifaa vya hospitali waliyoiita Medtronic. Oktoba 1957 umeme ulikatika Minneapolis, na mtoto mmoja aliyetegemea kichochea moyo kilichounganishwa ukutani akafariki. Daktari wa upasuaji Walton Lillehei alimwomba Bakken atafute njia ya kuepuka msiba kama huo. Baada ya wiki chache alileta kijisanduku cha transista kinachotumia betri, saketi yake akiwa ameitoa kwenye maelezo ya metronomu, kifaa kinachowagongea wanamuziki mapigo, yaliyochapishwa katika jarida la elektroniki. Mara tu baada ya kujaribiwa kwa mbwa, kilikuwa kimeshafungwa kwa mtoto.

Simulizi hiyo hupendwa sana na wanaosema shule ya ziada ni kupoteza muda. Mimi naisoma tofauti. Bakken alifaulu kwa sababu siku zake zilipita hospitalini, akisikia madaktari wanalalamikia nini. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Yeye alikaa karibu sana na vitanda, na hilo ni jambo ambalo wanafunzi wengi wa uzamili hawalipati kabisa, wakimaliza miaka miwili bila kuzungumza na muuguzi hata mmoja. Lakini njia aliyopita ya kutoka karakanani hadi kifuani kwa mtoto imefungwa, na imefungwa kwa sababu njema.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita mionzi kupita kiasi, baadhi yao wakafa. Watengenezaji walikuwa wameondoa vizuizi vya kimekanika vilivyokuwa katika mashine za awali na kuiachia programu ya kompyuta kazi ya ulinzi. Mwendeshaji mzoefu, mwenye vidole vyepesi, aliporekebisha maelekezo kwa haraka, programu ilichanganya hatua zake, na mashine ikafyatua mwali mkali bila kinga mahali pake. Skrini ilionyesha ujumbe wa hitilafu usioeleweka. Hapakuwa na waya uliokatika wala kipuri kilichochoka, na hakuna bisibisi ambayo ingeliona kosa hilo. Lilihitaji watu waliofunzwa kuuliza mfumo mzima utafanya nini binadamu wa kawaida anapoutumia kwa kawaida yake.

Hapo ndipo upande wa wanaoitetea shahada hii unapopata nguvu kwangu. Kanuni za usalama wa vifaa tiba, yaani viwango vya kimataifa kama ISO 14971 ya kudhibiti hatari au IEC 60601 ya usalama wa vifaa vya umeme, mtu anaweza kuzijifunza kazini, na wengi wamejifunza hivyo. Kisichopatikana kwa urahisi kazini ni nafasi ya kukaa na jambo moja mwaka mzima mpaka ujue namna ya kulithibitisha: upime watu wangapi, wa aina gani, ulinganishe na kipimo gani, na matokeo yako yana uwezekano gani wa kuwa ya bahati. Kiwandani, ratiba ya kutoa bidhaa haimngoji mtu wa namna hiyo.

Kifaa cha Aoyagi kinaonyesha ninachomaanisha. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba zinazoonyeshwa na kifaa hicho na vipimo vya damu ya ateri. Pale kifaa kiliposema oksijeni iko kati ya asilimia 92 na 96, walikuta kwamba asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi vilikuwa na oksijeni halisi chini ya 88. Kwa wagonjwa Weupe ilikuwa asilimia 3.6. Chanzo kikubwa kinachotajwa ni rangi ya ngozi kunyonya mwanga, na uwezekano wa kosa la namna hiyo ulikuwa umeshaandikwa miaka mingi kabla. Maana yake ni kwamba mtu mweusi aliyekuwa akiishiwa pumzi angeweza kuambiwa yuko sawa na kurudishwa nyumbani, na kifaa kilichomwambia hivyo hakikuwa kibovu. Kilikuwa kikifanya kazi kama kilivyosanifiwa.

Suala kama hilo ni la kiwango cha uzamili hasa. Linataka fizikia ya mwanga ndani ya ngozi, takwimu, uchakataji wa ishara, na ujasiri wa kukitilia shaka kifaa ambacho kila mtu anakiamini. Tena linataka watu wanaoona tatizo hilo katika ngozi zao na za ndugu zao. Vifaa vilivyojaribiwa kwa wachache huumiza wale ambao hawakuwemo katika majaribio, na njia mojawapo ya uhakika ya kulizuia hilo ni kuwa na wahandisi wengi zaidi wenye mamlaka ya kitaaluma ya kusema vipimo hivi havitoshi. Kwa sababu hiyo siwezi kuungana na wanaoiita shahada hii pambo.

Hata hivyo haimnufaishi kila mtu kwa njia ileile. Mhandisi wa umeme au mekanika anapata daraja: fiziolojia na lugha ya kuzungumza na madaktari. Daktari au muuguzi anayeingia kutoka upande wa pili ana mlima wa hisabati mbele yake, na asipoupanda kabla, milinganyo tofautishi itammaliza muhula wa kwanza. Aliyekwishasoma uhandisi tiba katika shahada ya kwanza ndiye namwomba afikiri mara mbili. Kwake yeye, uzamili wa uhandisi wa umeme au wa sayansi ya kompyuta, wenye tasnifu kuhusu tatizo la kitabibu, unaweza kumpa uzito ambao shahada ya pili yenye jina lilelile haitampa. Na miaka miwili au mitatu ya kazi kabla ya kurudi darasani, katika idara ya vifaa vya hospitali au kiwandani, humpa mtu malighafi ambayo hakuna mhadhiri awezaye kumpatia. Aliyekesha zamu akaona ving'ora vya mashine vikizimwa ovyo kwa sababu vinalia bila sababu, ana mada ya tasnifu tayari. Anayeandika katika barua ya maombi kwamba anapenda teknolojia na afya hana mada bado, na pengine ada yake ingengoja.

Kwa anayeamua kwenda, achague programu yenye tasnifu badala ya ile ya masomo matupu, isipokuwa kama anachotaka ni kupanda cheo mahali ambako tayari ana kazi. Amwandikie msimamizi anayemtaka kabla ya kulipa chochote, na amuulize mambo mawili: data itatoka hospitali gani, na kibali cha maadili kimeshapatikana au ndiyo kwanza kitaombwa. Kibali kinaweza kuchukua miezi. Katika programu ya mwaka mmoja, miezi hiyo ndiyo tasnifu yenyewe, na wapo wanafunzi wanaoishia kuandika kuhusu modeli ya kompyuta kwa sababu idhini ya kuwaona wagonjwa ilifika baada ya maabara kufungwa.