Nani Amepewa Mizani ya Uzalendo?

Saa kumi na mbili jioni, filimbi ikilia kwenye ofisi ya serikali au kituo cha polisi, wapita njia wa Dodoma husimama. Bodaboda anazima pikipiki, mama mwenye beseni la mboga anatulia nalo kichwani, mtumishi aliyekuwa akikimbilia daladala ya Ihumwa anabaki palepale mpaka bendera ifike chini. Ukiwatazama kwa mbali utasema hawa ni watu wa moyo mmoja. Ukimuuliza mmojammoja utakuta huyu kasimama kwa heshima, yule kwa mazoea ya shuleni, na mwingine kwa sababu aliwahi kumwona mtu aliyeendelea kutembea akiitwa na askari. Bendera imewasimamisha wote. Kama imewaunganisha, hilo ni swali jingine, na ndilo tusilopenda kuulizana.

Hatulipendi kwa sababu hapa kwetu jibu huchukuliwa kuwa linajulikana. Anayesifu bendera yuko upande wa umoja, na anayekosoa anaambiwa aweke uzalendo mbele. Katika mji ambao Bunge, Ikulu ya Chamwino, wizara za Mtumba na makao makuu ya chama tawala viko umbali wa safari moja ya bajaji na daladala, kauli hiyo mtu huisikia kwenye semina, kwenye uzinduzi wa kisima, hata kwenye kikao cha wazazi. Nataka kumsikiliza yule anayeambiwa hivyo. Lakini kwanza wenye bendera wapewe haki yao, maana hoja wanayo.

Chukua wimbo wa taifa. Ubeti wa kwanza unaomba baraka kwa Afrika, Tanzania inasubiri ubeti wa pili, na sauti yenyewe ni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Ni vigumu kuuita wimbo wa namna hiyo wa ubaguzi. Chukua pia mpira. Mashabiki wa Simba na Yanga hawakubaliani hata juu ya hali ya hewa. Timu moja ikicheza na wageni, wa upande wa pili huvaa jezi ya wageni bila haya, na waziri akiwasihi wawe wazalendo wanamcheka. (Mimi naona wako sawa. Klabu si nchi.) Siku ya Taifa Stars haohao hukaa benchi moja.

Mfano wenye nguvu zaidi uko ng'ambo ya Namanga. Juni 2024 vijana wa Kenya walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, wengi walijifunga bendera ya taifa mabegani na kuimba wimbo wa taifa mbele ya polisi. Katika nchi ambayo ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu elfu moja, nyingi zikifuata mipaka ya kabila, bendera iligeuka mahali ambapo Mluo, Mkikuyu na Mkalenjini walikutana bila kuulizana ukoo. Na hawakuipeperusha kwa amri ya mtu. Waliipeperusha mbele ya serikali iliyodhani ni yake.

Ipo mifano ya upande wa pili, nayo si michache. Rwanda ilibadili bendera mwaka 2001 kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imebeba kumbukumbu za mauaji ya 1994. Belfast, Ireland ya Kaskazini, Desemba 2012, baraza la jiji lilipoamua bendera ya Uingereza ipandishwe kwa siku maalumu tu badala ya kila siku, watu walipambana na polisi mitaani kwa wiki kadhaa. Kwetu, Zanzibar ilipoanza kupandisha bendera yake mwaka 2005 wapo waliotabiri kuvunjika kwa Muungano. Bendera ile ina bendera ya Muungano kwenye kona yake. Miaka imepita, Muungano una malalamiko yake mengi, lakini sijasikia lolote kati ya hayo lililozaliwa na kitambaa.

Kwa mifano peke yake, basi, mtu anaweza kubishana mpaka usiku. Kuna jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko yote hayo, na nitakaa nalo.

Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za vijijini: Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, ambayo sasa iko mkoa wa Simiyu. Zote zina makabila mchanganyiko. Meatu kuna Wasukuma, Wanyiramba, Wataturu na Wahadzabe. Hakuwauliza watu kama wanaipenda nchi yao, kwa sababu swali hilo kila mtu hujibu ndiyo. Aliangalia michango ya wazazi na wanakijiji kwa shule za msingi. Busia, kadiri eneo lilivyokuwa na makabila mengi ndivyo michango ilivyopungua. Watu hawakuwa tayari kutoa kwa ajili ya mtoto wa jirani wa kabila jingine. Meatu uhusiano huo haukuonekana. Mchanganyiko ulikuwepo, na watu walichanga vilevile.

Sasa, Kenya na Tanzania zote zilikuwa na bendera. Zote zilikuwa na wimbo wa taifa, gwaride na sikukuu ya uhuru, na watoto wa Busia walipanga mstari asubuhi kama watoto wa Meatu. Kama kitambaa na wimbo ndivyo vinavyounganisha, matokeo yangefanana. Hayakufanana. Kilichotofautiana ni mambo mengine: Kiswahili kilichofundishwa shuleni na kutumika ofisini mpaka kijijini, utawala wa machifu uliofutwa mwaka 1963, hata watu wa Ugogo waliokuwa na mtemi mkubwa kama Mazengo wakaanza kupeleka kesi zao kwa ofisa asiye wa ukoo wa yeyote, mwanafunzi wa Dodoma kupangiwa sekondari Tabora au Songea na kulala kitanda cha juu cha mtoto wa Kihaya, na fedha za serikali kugawanywa bila kupendelea mkoa wa mkubwa.

Najua yanayoweza kusemwa. Wilaya mbili si nchi mbili. Meatu Wasukuma ni wengi mno, na Kenya ilirithi kidonda cha ardhi ya walowezi ambacho sisi hatukuwa nacho kwa ukubwa ule. Na mtu anaweza kusema hayo yote, Kiswahili, shule za bweni, kufuta machifu, ndiyo uzalendo wenyewe, bendera ni alama yake tu. Hapo hatugombani. Ila tukubaliane basi kwamba alama ilifuata kazi. Mzazi wa Meatu alitoa mchango wake kwa sababu kwa miaka mingi aliona mtoto wa Mtaturu na wa kwake wakifundishwa na mwalimu mmoja kwa lugha moja. Ukimnyima hayo halafu ukamwongezea mlingoti, sioni utakachopata.

Tumeshawahi kulijaribu hili bila kujua. Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, watu wakashika mafagio, na shilingi bilioni 4 zikaenda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 Rais Samia naye alizifuta, na shilingi milioni 960 zikaelekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Gwaride halikuwepo, mizinga haikulia, na Desemba 10 Watanzania waliamka wakiwa Watanzania.

Ndiyo maana naona anayesita mbele ya bendera hueleweka vibaya. Tunadhani anauvunja umoja, wakati mara nyingi umoja anao kwa njia nyingine. Kesi ninayoifikiria ni ya wanafunzi 127 wa sekondari mkoani Mbeya, Mashahidi wa Yehova, walioadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Watano walifukuzwa, waliobaki wakasimamishwa masomo. Walishindwa Mahakama Kuu. Julai 2013 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo na kuwapa haki. Hawakuwa wamechana bendera wala kumtukana mtu. Imani yao inaona kuimba huko ni ibada, nao ibada hawampi mwingine ila Mungu. Watoto hao walisoma kwa Kiswahili, wakakaa dawati moja na Wasafwa na Wanyiha, wakafagia uwanja uleule. Kwa kipimo cha Meatu walikuwa wamefaulu. Aliyewatenga na wenzao ni yule aliyeandika barua za kuwafukuza, na aliziandika kwa jina la taifa.

Marekani ilipita huko mapema, na kwa gharama. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 8 dhidi ya 1, kwamba shule zinaweza kumlazimisha mtoto kusalimu bendera. Wiki na miezi iliyofuata Mashahidi wa Yehova walishambuliwa na makundi ya watu katika miji mbalimbali, na huko Kennebunk, Maine, ukumbi wao ukachomwa moto. Juni 14, 1943, siku ambayo Wamarekani huadhimisha bendera yao, nchi ikiwa vitani, mahakama ileile ikajigeuza kwa kura 6 dhidi ya 3. Vita havikushindwa kwa sababu hiyo.

Wanaotetea ulazima hujibu kwamba ukimruhusu mmoja asiimbe, kesho darasa zima litakaa kimya. Ni hofu inayoeleweka kwa mwalimu mwenye wanafunzi mia darasani. Lakini inasema jambo la ajabu kuhusu imani yetu katika wimbo wenyewe. Mwishoni mwa 2018 hofu hiyo ilitupeleka upande wa pili kabisa: barua kutoka Wizara ya Elimu ikaagiza bendera na wimbo wa taifa visitumiwe bila kibali, mpaka Rais Magufuli mwenyewe akaifuta. Yaani mtoto asiyeimba ana kosa, na anayeimba aoneshe ruhusa.

Hapa Dodoma tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu, ambayo haizungumzwi sana. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, familia za Wagogo zilizokuwa zimetawanyika na mifugo yao ziliacha tembe zao, nyumba za asili za Wagogo, na kuhamishiwa vijijini, wengine kwa hiari, wengi bila kuulizwa. Ilifanyika kwa jina la kujenga taifa. Sehemu nyingi shule, maji na zahanati vilifika kweli, na kuna wazee wanaoishukuru hatua ile. Wapo pia waliopoteza ng'ombe na makaburi ya baba zao, wakaelezwa kwamba kulalamika ni kurudisha nchi nyuma. Wote wawili ni Watanzania, na wa pili hakuhitaji kunyamazishwa ili wa kwanza ashukuru.

Kunyamazisha kwa namna hiyo hakukuishia enzi za Ujamaa. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu, mkosoaji aliyewahi kuwa mbunge, aliambiwa kuwa si raia. Na mwaka jana tu, baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na damu iliyomwagika, tuliambiwa baadhi ya waliokamatwa kwenye maandamano walitoka nje ya nchi. Rais aliapishwa hapahapa Dodoma Novemba 3, kwenye viwanja vya jeshi, kwa gwaride na mizinga, bila umati wa wananchi. Sitahukumu yote yaliyotokea siku zile. Kuna waliokufa na familia zao zinahitaji ukweli kuliko maoni yangu. Ninachosema ni kidogo: bendera ilikuwepo uwanjani, na watu hawakuwepo. Hakuna kanuni ya heshima kwa bendera inayoweza kujaza nafasi hiyo.

Kwa hiyo sikatai filimbi ya saa kumi na mbili. Nasimama nikiisikia, na nitaendelea kusimama. Ninachokataa ni mtu mmoja kupewa mizani ya kupima moyo wa mwenzake, kwa sababu kila mahali nilipotazama, kuanzia Belfast na Kennebunk mpaka Mbeya, mgawanyiko ulianza pale bendera ilipogeuzwa mtihani. Walioishika kwa hiari, kama vijana wa Nairobi, ndio iliowakutanisha.

Shuleni sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na lengo lake mojawapo ni kukuza uzalendo. Naliunga mkono. Kitabu chake nitakipima kwa ukurasa mmoja tu: mtoto wa Mvumi au Kongwa akifika kwenye Operesheni Dodoma, je, atakuta visima na zahanati peke yake, au atakuta na bibi yake aliyeiacha tembe?