Chupa kumi za Korea na jua la Mwanga

Kwenye picha ya harusi ya binamu yangu kule Ujiji, shavu langu la kulia ni jeusi kuliko la kushoto. Nilidhani ni kivuli. Nikaenda kwenye kioo, nikakuta ni kweli. Nina miaka minne kwenye kibanda cha wakala pale Mwanga, Kigoma mjini, natuma na kutoa pesa za watu, na kiti changu kinaelekea kusini. Kuanzia saa nane mchana jua linaingia chini ya mwavuli kutoka upande wa ziwani, linanikalia shavuni mpaka jioni. Na jua la kwetu halina haraka: linazama dakika 40 hivi baada ya watu wa Dar kuwasha taa.

Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya Wakorea ya kutunza ngozi. Tamthilia zao tunaziangalia siku nyingi, na kila mtu mle ana uso unaong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Ngozi ya kioo, wanaiita. Nikaagiza seti kwa dada mmoja wa mtandaoni, shilingi 180,000, chupa kumi. Zikaja na basi, mafuta ya kusafishia uso yamevuja na boksi la tona, yale maji ya kupaka baada ya kunawa, limelowa chepechepe. Usiku uleule nikapaka zote kumi, moja juu ya nyingine, kama fundi anayepiga lipu. Siku ya tatu paji la uso lilikuwa mapele matupu na mashavu yanawaka nikigusa maji.

Ni ipi iliyoniharibu? Mpaka leo sijui. Ukianza vitu kumi kwa siku moja huna wa kumshtaki. Siku hizi kitu kipya nakipaka kwanza nyuma ya sikio siku tatu nne, kisha usoni peke yake wiki mbili, ndipo kingine kifuate.

Maoni yangu, na wauzaji watanisamehe: kwa mtu wa Kigoma anayeamka, anafanya kazi na kulala, utaratibu wa Korea ni vitu vitatu. Sabuni laini ya uso, mafuta ya kulainisha, na losheni ya kukinga jua. Pesa ikipungua, kata kingine chochote lakini ya jua ibaki.

Hizo hatua kumi, chupa moja kila hatua, zina kwao. Seoul wakati wa baridi kipimo kinashuka chini ya sifuri, nje upepo mkavu, ndani sakafu zinapashwa moto. Ngozi inakauka kama dagaa waliosahaulika juani Kibirizi, kwa hiyo mtu anaweka tona, esensi, seramu, krimu, tabaka juu ya tabaka, maji yasitoroke. Sisi mwezi Machi, mvua ikinyesha na jasho likitiririka, tabaka saba usoni ni sawa na kuvaa sweta ndani ya daladala. Halafu hesabu yenyewe ya kumi ilipata jina kubwa huko Marekani, kupitia watu kama Charlotte Cho, aliyeanzisha duka la mtandaoni la Soko Glam mwaka 2012. Wakorea wengi wenyewe wamekwisha kupunguza chupa, na wanabadilisha kufuatana na majira. Kiangazi hiki chetu cha Juni hadi Agosti, upepo ukipuliza na vumbi jekundu likipanda, hata mimi naongeza kidogo cha mafuta ya mgando usiku juu ya krimu. Masika yakirudi naacha.

Kuna kitu kimoja chao nilikidharau nikaja kukiheshimu: kusafisha uso mara mbili usiku, kwanza kwa mafuta, kisha kwa sabuni. Mantiki yake ni ya jikoni tu. Mafuta huyeyusha mafuta. Losheni ya jua, vipodozi na mafuta ya ngozi ya siku nzima havitoki vizuri kwa maji peke yake. Mimi, mtoto wa mji wa mawese, nikajiuliza kwa nini ninunue mafuta ya Korea wakati kuna dumu zima jikoni. Nikajipaka mawese usoni, nikasugua.

Mama akapita na ndoo.

"We mtoto, unakaanga samaki gani usoni?"

"Nasafisha uso, mama."

"Haya. Ukimaliza usilalie foronya yangu."

Nilinawa mara tatu, bado nang'aa rangi ya chungwa hadi kwenye nywele za pembeni, na foronya niliilalia, na mpaka leo ina doa. Tofauti ni kwamba mafuta ya kusafishia uso yanatiwa kitu kinachoyafanya yashikane na maji. Ukimwagia maji yanageuka meupe kama maziwa, yanaondoka na uchafu wake. Mawese hayana hicho kitu. Yanabaki palepale yanakutazama. Kwa hiyo nayaachia mboga. Na kama hukupaka losheni nzito wala vipodozi siku hiyo, hatua ya mafuta ruka, sabuni ya uso inatosha.

Kuhusu sabuni sina maneno mengi. Zile za mche na za kipande tunazofulia zina ukali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni kama 9 au 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5. Ile hali ya uso kuvutika kama ngoma iliyowambwa, ambayo tumefundishwa kuwa ndiyo usafi, ni ngozi inayolalamika. Tafuta ya maji au jeli iliyoandikwa pH 5.5, tumia usiku. Asubuhi mimi nanawa maji tu.

Ute wa konokono nao niliujaribu. Mama aliposikia akauliza kama ni yule konokono wa kwenye migomba. Unalainisha vizuri, lakini glisarini ya duka la dawa inalainisha pia kwa bei ya soda mbili tatu, ukiichanganya na maji kidogo na kuipaka uso ukiwa bado mbichi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera.

Kwenye chupa nyingi za Korea utakuta neno linalosomeka mibaek, na kwenye Kiingereza wanaandika lile neno la kufanya kitu kiwe cheupe. Dada zangu wa hapa mjini wakiliona wanadhani wamepata mkorogo wa kistaarabu. Siyo. Kwa sheria za vipodozi za Korea hilo ni kundi la bidhaa zilizokubaliwa kufifisha madoa na kusawazisha rangi, na kiambato kinachotumika sana humo ni naisinamaidi, asilimia 2 hadi 5. Hiyo ni aina ya vitamini B3. Inapunguza rangi inayopelekwa juu ya ngozi, taratibu, kwa wiki nane, kumi na mbili. Haikubadilishi kabila. Alama nyeusi iliyoachwa na chunusi itafifia. Wewe utabaki vilevile ulivyozaliwa na mama yako.

Mkorogo ni kitu kingine kabisa: zebaki, haidrokwinoni, au dawa za steroidi ambazo daktari huandika kwa siku chache na watu wanazipaka miaka. Vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvisimamia iko TBS, Shirika la Viwango. Lakini marufuku ni marufuku na soko ni soko. Niliuziwa kijichupa, "seramu ya Korea, wiki mbili unatakata". Wiki ya kwanza uso laini kama wa mtoto. Nilipokiacha siku tano, uso ukavimba na kuwasha, vipele vidogo vidogo kuzunguka mdomo. Nikaenda nacho kwa mfamasia, akakigeuza, akaniuliza: "Dada, hapa kuna herufi hata moja ya Kikorea?" Hakukuwa. Hakukuwa na orodha ya viambato wala namba ya toleo, picha ya msichana tu.

Kwa hiyo nina vipimo vyangu vya kibandani. Kinachotakatisha kwa wiki mbili nakiacha. Kisicho na orodha ya viambato nakiacha. Na tarehe naisoma Kikorea, maana wao wanaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mara nyingi wanaandika tarehe ya kutengenezwa, si ya kuisha. Mara ya kwanza nilitupa krimu nzima nikidhani imeshapita muda wake, kumbe ilikuwa imetengenezwa siku hiyo. Ukiona 제조, jejo, ni siku iliyotengenezwa. Ukiona 까지, kkaji, ni mwisho wa kutumia. Piga picha maneno hayo mawili, yaweke kwenye simu.

Turudi kwenye jua, ambalo ndilo lililonileta huku.

Watu wananiambia, sisi weusi tuna kinga yetu. Tunayo, kweli, watafiti waliwahi kuikadiria kama SPF 13 hivi kwa ngozi nyeusi sana, SPF ikiwa ni kipimo cha kinga ya kuungua na jua. Inatupunguzia kuungua. Haizuii madoa. Kila chunusi iliyoacha alama inapigwa jua tena kesho yake, alama inakolea, na wewe unaendelea kununua seramu ya madoa ya elfu arobaini. Ni kudeki huku mtoto anamwaga maji. Miale inayokoleza rangi ndiyo ile inayopita hata kwenye kioo cha gari, kwa hiyo dereva wa Kasulu naye hajasalimika. Kwenye chupa, namba ya SPF inaeleza kinga ya miale inayounguza, na hizo alama za PA na vijumlisha, mpaka vinne, zinaeleza kinga ya hii nyingine. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 kama 98. Usigombane na muuzaji kwa tofauti hiyo. Angalia vijumlisha.

Hapa ndipo Wakorea wanapata heshima yangu yote. Losheni za jua za zamani zilikuwa zinatuacha kama tumepakwa unga wa muhogo. Nyingi za kwao ni nyepesi, zinapotea usoni, hazina ule weupe. Na ukipata yenye rangi ya hudhurungi, iliyotiwa oksidi za chuma, hiyo ni bora zaidi kwa mwenye madoa, kwa sababu inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao unakoleza ngozi nyeusi.

Kiasi ni mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha, kwa uso na shingo. Ukipaka hivyo mara moja kwa siku, tyubu ya mililita 50 inaisha kwa mwezi mmoja hivi, mwezi na nusu ukibana. Yako ikifika miezi mitano, ujue ulikuwa unajipaka harufu. Anayekaa juani kama mimi anaongeza tena saa saba. Na kofia haiuzwi Korea. Mtandio pia ni kinga.

Tusisahau kwamba mkoani kwetu kuna watu ambao kwao hili si suala la urembo. Watoto wenye ualbino wa pale Kabanga, Kasulu, wanahitaji losheni ya jua kama wanavyohitaji chakula, na ndiyo maana kule Moshi, hospitali ya KCMC, walianza kutengeneza losheni ya jua ya Kilisun kwa ajili ya watu kama hao. Nikiona mtu anacheka mwanaume aliyepaka losheni ya jua, nawakumbuka hao watoto.

Na wanaume wapo. Mdogo wangu anaendesha bodaboda kituo cha Gungu. Alinicheka mwezi mzima. Juzi nimekuta tyubu yangu imebonyezwa katikati, na mimi huwa naanzia mkiani. Nikamwita.

"Dada, ni ya pua tu," akasema. "Pua ndiyo inatangulia."

Nimemnunulia ya kwake, 32,000. Nitamkata kwenye pesa ya mafuta ya pikipiki, shilingi 2,000 kwa siku, ingawa naona tayari ameanza kupaka vidole vitatu.