Waziri Mmoja Miaka 19, Sisi Wanane

Kila waziri wa mambo ya nje anapobadilishwa, maongezi ya hapa Mwanza ni yale yale: mpya katokea mkoa gani, ni mtu wa nani, na aliyetolewa kakosea wapi. Sijawahi kusikia mtu kwenye vijiwe vya Kirumba akiuliza Katibu Mkuu wa wizara hiyo ni nani. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza.

Tazama Luxembourg, kijinchi cha Ulaya kinachopakana na Ubelgiji. Watu wake hawafiki laki saba, wakati Mkoa wa Mwanza peke yake ulihesabiwa watu milioni 3.7 kwenye sensa ya 2022. Nchi ya ukubwa huo haiwezi kufungua ubalozi kila mahali, wala haijaribu. Pale isipo na ofisi, raia wake akipotelewa na pasipoti anabisha hodi kwa Wabelgiji. Mpangilio wa wizara yenyewe mtu wa Dodoma angeutambua: waziri juu, chini yake katibu mkuu ambaye diplomasia ndiyo kazi yake, halafu kurugenzi za siasa, za Ulaya na uchumi, itifaki, huduma kwa raia walioko nje, na misaada ya maendeleo.

Tunapopishana ni kwenye kukaa. Jean Asselborn aliingia wizara hiyo ya Luxembourg kama waziri mwaka 2004 akatoka 2023. Katika muda huo huo sisi tulikuwa na Kikwete akimalizia miaka yake kumi, Migiro, Membe, Mahiga, Kabudi, Mulamula, Tax na Makamba. Wanane. Simdharau hata mmoja. Mahiga aliujua Umoja wa Mataifa kwa kuufanyia kazi, Mulamula alikuwa balozi wetu Marekani, na Tax alitoka kuongoza sekretarieti ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Lakini kati ya 2021 na 2024 waliteuliwa wanne, na sioni mtu anavyoweza kuzijua hata idara zake zote kabla hajaanza kufungasha.

Kukaa kuna faida inayoonekana. Luxembourg ilipata kiti Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa miaka ya 2013 na 2014. Ikaungana na Australia na Jordan kuandika maazimio ya kufikisha misaada kwa raia wa Syria, na mwaka 2014 yakapita, hata Urusi ikapiga kura ya ndiyo. Wakati huo Asselborn alikuwa na miaka kumi kazini. Hao aliokuwa akiwapigia simu hawakuhitaji kuambiwa yeye ni nani.

Sasa, rais ana haki ya kubadilisha mawaziri, na hilo sidhani litakoma. Ndiyo maana namtaja Katibu Mkuu. Yeye, wakurugenzi na maafisa wa dawati ndio wanaokumbuka tuliahidi nini, kwa nani, na kwa nini jirani fulani alinuna. Wakihamishwa nao, kila mgeni anaanza kusoma faili upya. Watu wa kuwapika tunao: Chuo cha Diplomasia kilianzishwa 1978 kwa ushirikiano na Msumbiji. Inaniuma ubalozi ukigeuzwa kiinua mgongo cha mwanasiasa aliyeangushwa kwenye kura za maoni. (Najua wapo walioifanya kazi hiyo vizuri. Ni wachache.)

Na lile la Wabelgiji tuliige. Ziwa Victoria tunalo asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6, na tumekubali kuendesha pamoja taasisi ya uvuvi iliyoko Jinja na kamisheni ya bonde la ziwa iliyoko Kisumu. Pale soko la samaki la Mwaloni dagaa wetu wananunuliwa na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda bila mtu kushangaa. Nchi tatu za mwanzo za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kuratibu sera za nje tangu 1999. Basi mfanyabiashara wa mabondo (vibofu vya samaki) kutoka Mwanza akikwama mji wa mbali wenye ubalozi wa Kenya tu, aingie pale ahudumiwe kama wa kwao, na Mkenya naye afanyiwe hivyo kwetu. Ni nafuu kuliko kupanga jengo, kununua gari na kumpeleka balozi.

Waziri akikaa mno napo kuna ubaya, kwani wizara huanza kuongea kwa sauti ya mtu mmoja, na Asselborn alilaumiwa kwa ulimi wake mara kadhaa. Mimi miaka mitano ya waziri inanitosha, mradi Katibu Mkuu asiondoke naye siku moja.